Mahame ya Kagera: Kutoka Rusumo hadi Rubondo

Tarehe 2 Mei 1894, ofisa wa Kijerumani aliyeitwa Gustav Adolf von Götzen alivuka mto Kagera penye maporomoko ya Rusumo. Alikuwa ametoka Pangani mwezi Desemba wa mwaka uliotangulia, akiwa na msafara wa mamia ya wapagazi na askari. Mbele yake ilikuwa Rwanda ya mfalme Kigeli IV Rwabugiri. Nyuma yake ilibaki nchi ya vilima na mabonde ambayo leo ni wilaya ya Ngara. Haukupita muda mrefu akaonana na Rwabugiri, akapanda mlima Nyiragongo kuchungulia shimo la volkano, akafika ziwa Kivu, akakata misitu ya Kongo mpaka akatokea bahari ya Atlantiki mwishoni mwa mwaka uleule.

Vitabu vya historia hukiandika kivuko kile kama mlango wa kuingilia Rwanda. Anayesimama leo ng'ambo ya mashariki, upande wa Tanzania, anaonyeshwa maji yanayoruka mwambani, anapiga picha, anarudi garini. Mimi naona upande huu wa mto umesahauliwa mno. Kuanzia Rusumo, kupitia Ngara na misitu ya Biharamulo, hadi ufukweni mwa Ziwa Victoria na kisiwa cha Rubondo, ipo njia moja ambayo mgeni mwenye siku chache anaweza kuipita yote. Karibu kila mahali penye mandhari ya kumsimamisha mgeni katika njia hiyo, watu walipita wakikimbia, au walikaa kisha wakaondolewa. Uzuri wa nchi hii una mahame ndani yake.

Tuanze na maji yenyewe. Juu kidogo ya Rusumo mito miwili inakutana: Nyabarongo inayotoka Rwanda na Ruvubu inayotoka Burundi. Hapo ndipo Kagera inapopata nguvu yake, kisha inaporomoka mwambani na kuanza mwendo wa takriban kilomita 400 hadi Ziwa Victoria. Kwa kuwa Kagera ndio mto mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani, waliokuwa wakitafuta chanzo cha mbali kabisa cha Nile walilazimika kufika kwenye makutano haya na kuchagua wafuate mkono upi. Mwaustria Oscar Baumann, aliyeingia Burundi mwaka 1892, aliamini Ruvubu ndio mkono wenyewe. Daktari Mjerumani Richard Kandt aliamua kufuata Nyabarongo, na mwaka 1898 akafika kwenye chemchemi za mto Rukarara katika msitu wa Nyungwe, akatangaza kwamba hicho ndicho kichwa cha Nile. Mwaka 1937 Burkhart Waldecker, Mjerumani mwingine, akarudi kwenye mkono wa kusini na kukitaja chanzo cha Rutovu, Burundi. Mabishano hayo hayajaisha mpaka leo, na nchi mbili jirani kila moja ina jiwe lake la kumwonyesha mgeni. Mahali ambapo mabishano yalianzia, yaani penye makutano, pako mlangoni mwa Ngara.

Wenyeji hawakuhitaji kuambiwa kwamba mto huu ni mkubwa. Wahangaza na Washubi wa Ngara waliuvuka kwa mitumbwi kwenda kuuza, kuoa na kuomba hifadhi, na wenzao wa ng'ambo walifanya vivyo hivyo. Mpaka wa nchi ulikuja baadaye, nao ulikuja kwa kalamu. Mwezi Juni 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, majeshi ya Ubelgiji yaliyotoka Kongo yaliingia Ngara, yakaendelea hadi Biharamulo, na tarehe 19 Septemba yakaiteka Tabora. Vita vilipokwisha, Waingereza na Wabelgiji walikaa kugawana. Makubaliano ya mwaka 1919 yaliipa Ubelgiji Rwanda na Urundi, lakini Waingereza wakajikatia ukanda wa Gisaka, magharibi ya Kagera, kwa ndoto ya reli ya kutoka Afrika Kusini hadi Misri. Reli haikujengwa. Gisaka ikarudishwa Rwanda miaka michache baadaye baada ya malalamiko mengi. Bugufi haikurudishwa. Nchi hiyo ndogo iliyokuwa sehemu ya ufalme wa Burundi ilibaki Tanganyika, na ingawa Burundi iliidai hata mbele ya Umoja wa Mataifa baada ya vita vya pili, imebaki mpaka leo kuwa sehemu ya wilaya ya Ngara. Ndiyo maana msafiri anayepanda vilima vya Ngara mjini na kushuka kuelekea kituo cha mpakani cha Kabanga huona migomba ileile, kahawa ileile, na kusikia lugha ambayo jirani wa Burundi anaielewa bila kutafsiriwa.

Kisha ukaja mwaka 1994, na hapa sipendi kupita haraka.

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalianza Rwanda usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 baada ya ndege ya Rais Juvénal Habyarimana kutunguliwa. Wiki zilizofuata, maiti zilianza kupita Rusumo. Mto uliokuwa ukibeba magogo na magugu maji sasa ulibeba watu, wengine wakiwa wamefungwa mikono, mpaka Ziwa Victoria, ambako wavuvi wa Uganda na Tanzania waliwaopoa na kuwazika wasiowajua majina. Walioona maji yale kutoka darajani hawakuwa wanatazama maporomoko tena.

Tarehe 28 na 29 Aprili, katika muda wa kama saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi lilisema halijawahi kuona watu wengi kiasi hicho wakivuka mpaka kwa muda mfupi namna ile. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokuwa wakikimbia kusonga mbele kwa RPF, jeshi la waasi wa Rwanda, na miongoni mwao walikuwemo wauaji waliochanganyika na wakulima, wanawake na watoto. Mapanga yalirundikwa penye daraja kwa amri ya askari wachache wa Tanzania waliokuwa pale. Kilomita chache kutoka mpakani palikuwa na bwawa dogo na kambi iliyoachwa na kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara. Jina la kampuni, Benaco, likawa jina la mji wa mahema ambao kwa majuma machache ulikuwa miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kuliko yote ya watu nchini Tanzania. Kambi nyingine zikafuata: Lumasi, Musuhura, Lukole, Kitali. Wakimbizi waliwazidi wenyeji wa wilaya kwa idadi.

Ngara ilibeba mzigo ambao hakuna wilaya iliyowahi kuuandaliwa. Mwanzoni wenyeji walitoa ndizi, maharage na kuni. Baadaye miti ilikwisha vilimani, visima vilikauka, bei za sokoni zikapanda na kushuka bila mpangilio. Wengine walipata kazi kwenye mashirika na kujenga nyumba za bati, wengine walipoteza mashamba kwa wizi. Wanyama wa mapori ya akiba ya Burigi, Biharamulo na Kimisi waliwindwa usiku na mchana kwa ajili ya kitoweo. Nyati na swala waliokuwa wakionekana barabarani wakatoweka, na mapori yenyewe yakawa maficho ya majambazi wenye silaha za vita. Kwa miaka mingi baadaye mabasi yalipita huko kwa msafara, polisi wenye bunduki wakitangulia.

Mwezi Desemba 1996 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba wakimbizi wote wa Rwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwaka. Maelfu waliondoka kambini wakaelekea mashariki, wakitaka kujificha au kufika Kenya na Malawi. Jeshi likawazuia na kuwageuza. Daraja lilelile la Rusumo likapitisha tena mkondo wa watu usioisha, safari hii wakielekea magharibi, wamebeba magodoro, vyungu na watoto mvuani. Karibu watu nusu milioni walivuka mwezi ule. Benaco leo ni mji wa njia panda, malori ya Kigali hulala pale, mama lishe wanakaanga chipsi na kuchoma ndizi. Msafiri anayeshuka kunywa chai haoni chochote cha kumwambia alipo.

Rusumo yenyewe imebadilika. Daraja jembamba la zamani limepata mrithi wake, daraja pana lililojengwa kwa msaada wa Japani, pamoja na kituo cha pamoja cha forodha. Rais John Magufuli na Rais Paul Kagame walilizindua tarehe 6 Aprili 2016. Ilikuwa safari ya kwanza ya Magufuli nje ya nchi tangu awe rais, na haikuwa mbali sana na kwao, kwa sababu mwaka 1995 aliingia bungeni kwa tiketi ya jimbo la Biharamulo Mashariki. Karibu na maporomoko umejengwa mradi wa umeme wa megawati 80 ambao Burundi, Rwanda na Tanzania zinagawana sawasawa. Nakubali kwamba umeme ni haki ya watu wa Ngara kama ulivyo haki ya wengine. Ila nilitegemea kwamba miongoni mwa saruji yote iliyomwagwa pale kungepatikana ukuta mmoja wa kuandika kilichopita darajani mwaka 1994 na 1996.

Ukiiacha Benaco na kuelekea Lusahunga na Nyakanazi, vijiji vinapungua na pori linafunga pande zote mbili. Hapa msafiri huambiwa kwamba anaingia katika asili ambayo haijaguswa. Sivyo. Mwaka 1861 msafara wa Waingereza John Hanning Speke na James Grant ulipita katika nchi hii, ambayo wao waliiita Usui, nao waliikuta ina watu, mashamba na utawala imara. Mtawala wake, waliyemwandika kwa jina la Suwarora, aliwashikilia kwa majuma akidai hongo: vitambaa na nyaya za shaba. Speke alilalamika kwa kurasa nyingi. Lakini hongo ilikuwa ushuru wa mwenye nchi, na Suwarora alijua thamani ya njia iliyopita kwake kwenda Karagwe na Buganda. Speke alilipa, akaondoka bila kumwona mtawala uso kwa uso, akapita bonde la ziwa Burigi, na mwezi Novemba akapokelewa vizuri na Rumanika wa Karagwe.

Basi watu wale walikwenda wapi? Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia kutoka kaskazini na kufagia ng'ombe wa Afrika Mashariki yote. Kwa wafugaji wa ukanda huu, ng'ombe kufa kulikuwa zaidi ya kupoteza mali. Mifugo ndiyo iliyokuwa ikilisha majani na kuzuia vichaka. Ilipokufa, na njaa na ndui zikafuata, vichaka vilirudi vikaja na mbung'o. Baada ya mbung'o ukaja ugonjwa wa malale. Serikali ya Kiingereza katika miaka ya 1920 na 1930 ikaamua kuwaondoa watu waliokaa wakiwa wametawanyika porini na kuwakusanya katika makazi yaliyofyekwa. Afya ilikuwa sababu ya kweli. Hata hivyo nyuma yao mashamba yakawa vichaka, vichaka vikawa misitu, na misitu ikahesabiwa kuwa haina mwenyewe. Mwaka 1959 pori la akiba la Biharamulo likatangazwa, Burigi na Kimisi zikafuata, na mwaka 2019 yote matatu yakaunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa Burigi-Chato, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 4,707.

Hifadhi hiyo ni nzuri, na sisemi hivyo kwa heshima tu. Asubuhi kando ya ziwa Burigi, ukungu unapopanda na viboko wanarudi majini, mtu anaelewa kwa nini pamepandishwa hadhi. Wanyama waliopotea wakati wa kambi wanarudi taratibu. Kwa mwenye siku moja, lango la upande wa Biharamulo linatosha kumpa twiga, pundamilia na ndege wa majini wa kumshibisha. Lakini mwongoza watalii akisema kwamba hapa tangu enzi na enzi palikuwa pori la wanyama, msikilizaji ana haki ya kuuliza kuhusu Suwarora.

Mji wa Biharamulo unakaa juu ya mwinuko, na boma la Wajerumani liko pale lilipowekwa mwanzoni mwa karne ya 20. Kuta zake ni nene, ua wake mpana, na mwonekano kutoka pale unafika mbali. Ndiyo sababu ya kuchaguliwa kwa mahali hapo: asingeweza mtu kukaribia bila kuonekana. Kutoka boma hili ofisa alikusanya kodi ya kichwa, alihukumu, aliita watu kazi za lazima na kusimamia watawala wa Rusubi, ile Usui ya Speke, akiwemo Kasusura ambaye jina lake limo katika maandishi mengi ya wasafiri wa wakati ule. Mwezi Juni 1916 Wajerumani walilihama, Wabelgiji wakaingia, kisha Waingereza wakalifanya ofisi ya mkuu wa wilaya. Baada ya uhuru limetumika kwa mambo mengi, hata kuwa nyumba ya wageni. Ni moja ya maboma yaliyosalia vizuri katika kanda ya ziwa, na mgeni anayelala hapo analala ndani ya historia ambayo hakuna aliyemwekea karatasi mezani kumwambia.

Kutoka Biharamulo njia inashuka kuelekea Chato, ambayo hadi miaka ya 2000 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Biharamulo na tangu 2012 imo katika mkoa mpya wa Geita. Mipaka ya utawala imehama, ziwa halikuhama. Kutoka Kasenda, karibu na Muganza, boti inakufikisha Rubondo kwa muda usiofika saa moja.

Rubondo ni kisiwa kirefu chembamba chenye vilima vilivyounganishwa na shingo za ardhi tambarare. Juu ya vilima ni msitu mzito, chini ni mafunjo na fukwe za mchanga na mawe. Nzohe wanatembea majini kwa kwato zao ndefu, pongo wanalisha karibu na nyumba za askari wa hifadhi, na tai wavuvi hawahesabiki. Simba na chui hawapo, kwa hiyo mgeni anatembea kwa miguu akiwa na askari mmoja mwenye bunduki kwa ajili ya tembo na kiboko. Wageni wengi hutaka siku moja: boti asubuhi, matembezi msituni kuwatafuta sokwe, chakula ufukweni, boti jioni. Naamini hakuna safari ya siku moja katika kanda ya ziwa inayolingana nayo.

Sokwe hao ndio habari kubwa ya kisiwa. Sokwe si wa asili ya Rubondo. Mwaka 1966 Profesa Bernhard Grzimek wa Frankfurt, yule aliyeifanya Serengeti ijulikane duniani kwa filamu na kitabu, alileta kundi la kwanza la sokwe waliokuwa katika bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Walisafiri kwa meli kutoka Antwerp, Ubelgiji, hadi Dar es Salaam, na kutoka hapo wakapelekwa ziwani. Hadi mwaka 1969 walikuwa wameachiwa sokwe 17 kwa awamu nne. Wengi walizaliwa porini Afrika Magharibi na kukamatwa wakiwa wadogo. Wengine walikuwa wamekaa kizuizini miaka mingi. Hawakufundishwa kitu. Vizimba vilifunguliwa, wakaingia msituni. Wachache waliwashambulia watu, na madume mawili yakapigwa risasi. Waliobaki wakajifunza kula matunda ya porini, wakajenga viota mitini, na katika miaka miwili ya mwanzo wakazaa. Wajukuu na vitukuu vyao ndio mgeni anaowatafuta leo. Pamoja nao waliletwa tembo, twiga, mbega na faru. Faru wakauawa na majangili. Wengine wakastawi. Kisiwa kilitangazwa pori la akiba mwaka 1965, na mwaka 1977 kikawa hifadhi ya taifa.

Sasa nitoke kidogo Kagera, kwa sababu ulinganisho huu umenikaa moyoni. Katika bahari ya Aegean kuna kisiwa cha Ugiriki kiitwacho Santorini, au Thera kwa jina la kale. Volkano ilikilipua takriban miaka 3,600 iliyopita na kuacha pete ya majabali kuzunguka bahari. Meli kubwa huwashusha wageni maelfu kwa siku moja. Wanapanda juu kuona nyumba nyeupe, wanapelekwa kwa boti kwenye kreta ambayo bado ina moto chini, wanaogelea katika maji ya uvuguvugu, jioni wanaondoka. Kwenye ratiba za safari hizo pamo pia Akrotiri, mji uliofunikwa na majivu ya mlipuko. Mwanaakiolojia Spyridon Marinatos alianza kuufukua mwaka 1967. Zikaonekana nyumba za ghorofa, mitungi ya nafaka na mafuta, michoro ya ukutani ya rangi zisizofifia, picha za meli na wavulana wenye mitungo ya samaki. Mifupa ya watu haikuonekana: wakazi walikuwa wameshaondoka kabla moto haujawafikia. Leo mji ule umejengewa paa kubwa, na mgeni anatembea juu ya madaraja ya mbao akiangalia chini maisha ya watu waliohama.

Miaka ileile ambayo Marinatos alikuwa akiondoa majivu juu ya mji ule wa Aegean, wavuvi wa Rubondo walikuwa wakiondoka ili msitu ufunike vijiji vyao. Kisiwa hiki hakikuwa kitupu. Waliishi humo wavuvi na wakulima, wakiwemo Warongo, watu wa jamii ambayo katika Uzinza ilisifika kwa ufuaji wa chuma. Walilima migomba na mihogo, walivua sato kwa nyavu na mitego, walizika wafu wao, waliomba mvua. Katika miaka ya 1960 serikali iliwahamishia bara na visiwa vya jirani. Nchi changa ilikuwa inatafuta mahali salama pa wanyama walio hatarini, na kisiwa kilichozungukwa na maji kilionekana kinafaa sana. Uamuzi ule uliokoa msitu. Kando ya ziwa hili, ambako karibu kila mti umegeuka mkaa au ubao wa mtumbwi, Rubondo imebaki kuonyesha ufukwe ulivyokuwa. Samaki wanazaliana kwenye ghuba zake kwa usalama, na wavuvi wa nje wanafaidika na samaki hao wanapotoka. Sitaki wanyama waondolewe ili watu warudi. Nataka waliokuwapo watajwe.

Kwa sababu anayejua anaziona alama. Mahali pengine msituni ardhi ni tambarare bila sababu, na miti yake ni midogo kuliko ya jirani. Sehemu nyingine kuna mawe yaliyopangwa kwa mkono. Baadhi ya wazee waliozaliwa Rubondo walihamia vijiji vya Chato, Sengerema na Geita, na watoto wao wanafahamu kwa majina ghuba za kisiwa. Wamebaki wachache, na kila mwaka idadi yao inapungua. Akrotiri ilimngoja mwanaakiolojia kwa miaka 3,600 kwa kuwa majivu yaliilinda. Kumbukumbu ya Rubondo haina majivu ya kuilinda. Imo vichwani mwa watu wa miaka 70 na zaidi.

Nikumbushe kwamba nchi yetu inajua kufanya kazi hii ikiamua. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara mgeni anaonyeshwa misikiti na makaburi na kuambiwa habari za waliojenga. Bagamoyo, Kaole, Ujiji na Kondoa vilevile. Hakuna anayedai kwamba historia ya watu inamharibia mtalii starehe. Uzoefu wa Santorini unaonyesha kinyume: maelfu wanalipa tiketi ya pekee kuingia Akrotiri baada ya kushiba mandhari ya bahari. Mgeni anataka kujua nani aliishi hapa, alikula nini, na kwa nini hayupo.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, na kwa halmashauri za Ngara, Biharamulo na Chato. Watumwe vijana wa sekondari na vyuo, wenye simu za kurekodia, wakawahoji wazee waliozaliwa Rubondo na waliohamishwa kwa sababu ya malale, na yaandikwe majina ya vijiji vyao. Rusumo iwekwe kumbukumbu ya waliopita majini na waliopita darajani mwaka 1994, upande wa Tanzania, kwa Kiswahili na kwa lugha za jirani. Boma la Biharamulo lipewe chumba kimoja cha maonyesho: ramani ya nchi ya Suwarora, makubaliano ya 1919, na picha za Benaco. Waongoza watalii wa Burigi na Rubondo wafundishwe habari hizi kabla hawajafundishwa majina ya ndege. Gharama yake ni ndogo kuliko ya boti moja ya doria, na kazi yenyewe haiwezi kusubiri mwaka mwingine wa fedha, kwa kuwa wanaokumbuka ni wazee.